Itifaki Imezingatiwa, Ngoma Imepoa

Ngoma tatu zilikuwa zimelazwa ubavu kuzunguka moto wa maboksi, nyuma ya ukumbi, jirani na mapipa ya taka. Saa mbili na nusu asubuhi. Mpwa wangu, binti wa mwaka wa pili, kachuchumaa pale, kila baada ya muda anagonga ngozi ya ile kubwa kwa vidole viwili na kutega sikio. Usiku kucha kulikuwa na manyunyu, na ngozi ikishakunywa unyevu inalegea. Ukiipiga inaitika kama ndoo ya plastiki. "Mjomba, subiri ikaze," akaniambia, "utaisikia hadi barabarani."

Ratiba ya ufunguzi wa Mwezi wa Sanaa ilisema saa tatu kamili. Mgeni rasmi aliwasili saa sita na dakika kumi.

Chuo sikitaji. Nimesoma pale, nakipenda, na wanaokijua wameshakijua. Wala mtu asidhani ni kuchelewa kwa mgeni ndiko kulikonikosesha usingizi. Kuchelewa tumezoea, mtu aliyezaliwa nchi hii akienda kwenye hafla bila gazeti la kusoma, ajilaumu mwenyewe. Kilichoniudhi ni dakika tatu.

Zile ngoma zilikaza mapema tu. Kufika saa nne zikalegea, zikapashwa tena. Saa tano tena. Maboksi yakaisha, wakaenda kuomba kwa mama wa kantini, naye akawapa ya biskuti pamoja na kandambili iliyokatika, "nayo inawaka." Wachezaji wanane wameshavaa, majembe mkononi, wamesimama koridoni wameegemea ukuta kwa zamu, kwa sababu waliambiwa wakikaa chini mavazi yatachafuka na mgeni anaweza kuingia wakati wowote. Ndani, chini ya feni, viti vya meza kuu vimevishwa vitambaa vyeupe na utepe wa rangi ya dhahabu, kila kimoja na chupa yake ya maji.

Mgeni akaingia. Utambulisho ulichukua dakika ishirini na tano, niliutazamia saa. Ikatambulishwa meza kuu, wakafuata walioambatana na meza kuu, wakafuata waliotuma udhuru. Ndiyo, tuliwapigia makofi watu ambao hawakuja. Kila aliyeshika kipaza sauti aliwataja wote upya, mmoja mmoja, ndipo akasema "itifaki imezingatiwa," maneno ambayo kazi yake ilikuwa kutuepusha na hiyo orodha. Halafu hotuba. Mgeni alitueleza kwa kirefu kwamba sanaa ni ajira, sanaa ni uchumi, sanaa ni utambulisho wa taifa. Akiwa kwenye utambulisho wa taifa, mshereheshaji alikuwa nyuma ya pazia anamwambia kiongozi wa kikundi, "Muda umetubana. Nifanyieni dakika tatu."

Bugobogobo ya dakika kumi na mbili. Wiki sita za mazoezi.

Sasa nisikilizeni, watu wa kamati ya ratiba. Bugobogobo si wimbo kwamba utaondoa ubeti wa tatu na hakuna atakayegundua. Imetoka shambani, Usukumani, kwenye vikundi vya kulimiana: watu wamejipanga mstari, ngoma inapigwa, majembe yanapanda na kushuka, na mpigaji ndiye anayeamua siku itakwendaje. Inaanza taratibu, na ni kwa makusudi. Mgongo unalainika, pumzi zinafuatana. Mpigaji anaongeza kidogo, anarudisha, anaongeza tena. Yale majembe yanayorushwa na kuzungushwa hewani, ambayo kila mtu ameshaandaa simu kuyapiga picha, yanakuja mwishoni kwa sababu chuma hakirushwi juu ya kichwa cha mwenzako kabla hamjawa mwili mmoja. Ukisema dakika tatu umewaachia mambo mawili. Wacheze mwanzo peke yake, tutazame watu wanaolima. Au waanze na kilele, miili ikiwa bado baridi.

Wakaanza na kilele. Jembe moja likamponyoka mtu. Halikumjeruhi yeyote, lilitangulia mpini, na meza kuu ikacheka, kicheko cha upole kabisa, kile cha kumcheka mtoto wa chekechea aliyesahau shairi. Mpwa wangu hakuinua uso. Ile ngoma kubwa nayo ilishapoa tangu kwenye utambulisho, ikawa inaguna tu. Mshereheshaji akatuomba "makofi kidogo kwa vijana wetu." Tukayatoa hivyohivyo, kidogo.

Kisha msanii wa bongofleva, aliyefuatwa kwa gari la chuo na kulipwa, akapewa nusu saa. Pleibeki. Nyimbo za kwenye flashi hazipashwi moto.

Mimi nimekulia Mwanza. Nikiwa mdogo nilipelekwa Bujora, pale Kisesa, kwenye Bulabo, sikukuu ya mashindano ya ngoma ya Wasukuma. Makundi mawili hasimu ya wachezaji, Wagika wanacheza huku, Wagalu kule, wakati mmoja, na hakuna jaji wala karatasi ya alama. Alama ni miguu ya watazamaji. Umesimama kwa Wagika, unasikia kule kumechangamka, unahama. Atakayejaza watu ndiye kashinda. Ndiyo maana watafanya kila hila kukuvuta: vichekesho, chatu shingoni, na dawa kwa wanaoamini dawa. Nakumbuka babu alinishika mkono kwa nguvu nisimpotee, kisha yeye ndiye akanipotea, kafuata chatu. Ningetoa hela yangu mfukoni nimwone mgeni wetu akihutubia kwa utaratibu ule, uwanja wazi, bila kiti kilichovishwa kitambaa, huku bugobogobo inapigwa mita hamsini kutoka alipo.

Desemba 1962 Mwalimu Nyerere alipounda wizara ya utamaduni alisikitika kwamba watu wanajua rumba na cha-cha-cha, lakini ni wangapi wanaweza kucheza Gombe Sugu, Mangala, Kiduo, Lelemama? Wala hatuwezi kusema hatukupata pa kujifunzia. Bagamoyo wana chuo cha sanaa tangu 1981 na tamasha lake tangu 1982; Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, wamefundisha sanaa za maonyesho tangu miaka ya sitini. Walimu wa chuo chetu wenyewe wamepitia huko. Wanaijua kazi. Tatizo ni kwamba siku ya hafla anayeshika ratiba si wao, ni mtu wa itifaki, na kwa mtu wa itifaki ngoma ni kitu cha kuwekea nafasi kati ya hotuba na hotuba, kama vile maua ya mezani.

Haya, nikubali. Bila mgeni rasmi hakuna mfadhili, bila mfadhili hakuna spika wala tenti, na mwezi mzima wa sanaa, ngoma, tamthilia, ushairi, uchongaji, ni jambo ambalo enzi zetu halikuwepo kabisa. Sisi tulikuwa na disko la kuwakaribisha wa mwaka wa kwanza, basi. Nakubali pia, huku nimenuna, kwamba hata zile dakika kumi na mbili ni mkato. Mzee wa Magu, kule kule Usukumani, angezicheka. Lakini aliyekata hadi kumi na mbili ni mwalimu wa ngoma, alikaa na vijana wakabishana kipi kibaki. Aliyekata hadi tatu alikuwa anawaza pilau linapoa.

Maonyesho ya michoro yamewekwa koridoni nje ya maktaba, yamebandikwa kwa selotepu, yanafungwa saa kumi jioni. Vipindi vinaisha saa kumi na moja. Hilo nilitaka niliache hapo, ila kuna jambo limenikaa kooni. Mchoro mmoja wa rangi za mafuta, wavuvi wanasukuma ngalawa maji yakiwa yamekupwa, ulishushwa ukutani asubuhi ile na kukabidhiwa mgeni rasmi kama zawadi ya chuo. Ulikuwa umefungwa karatasi ya kumetameta. Kijana aliyeuchora, yuko mwaka wa tatu, aliutambua kwa kona ya fremu iliyochungulia, maana fremu aliigonga mwenyewe kwa mbao za mapaleti. Ule ni mradi wake wa mwisho. Haujasahihishwa. Nilimuuliza kama waliomba ruhusa.

"Niliambiwa nijivunie," akasema.

Ijumaa hii ni zamu ya tamthilia. Ratiba inasema saa nne, mchezo wa dakika arobaini na tano, na yupo mgeni rasmi mwingine, mkubwa kuliko wa kwanza. Jana usiku nilimpigia mpwa wangu kumuuliza wamejiandaaje.

"Tumeandaa mbili, mjomba," akasema. "Kwenye ile fupi, mfalme anakufa akiingia."