Waya Ameota Tena

Mimi mila naziheshimu, tena sana. Lakini saa tisa usiku, Nyalenda hapa Kisumu, tokeni za umeme zimeisha, ukuta ni wa mabati, na ng'ambo ya mabati mtoto mchanga wa jirani anatafutiwa jina: waya, yaani shangazi kwa Kijaluo, katoka Bondo, anaita marehemu mmoja mmoja kama karani wa kura. Ameota tena.

Kwa Wajaluo, jina la saa ya kuzaliwa halina kesi. Usiku ni Otieno, jua likipanda Onyango, mvua ikinyesha Okoth, kwisha. Balaa ni jina la juogi, la marehemu anayetaka kukumbukwa. Anamtokea mtu ndotoni, au mtoto analia hanyamazi. Hapo majina yanaitwa, na jina atakalonyamazia ndilo lake. Aliye hai hatajwi. Aliyekufa na sifa mbaya anarukwa, hata kama aliacha ng'ombe.

Basi, babu mzaa baba. Kilio. Yule mvuvi wa Usenge. Kilio. Upande wa mama wakachomeka wao, waya akajitia kiziwi. Jina la tano, kimya! Vigelegele, sufuria zikagongwa, mbwa wa ploti nzima wakajibu. Dakika mbili, kilio kimerudi. Kumbe mtoto alicheua tu, marehemu hakuwepo. Jamani, kabla ya kuita mtu yeyote, mlaze mtoto begani, mpigepige mgongo mpaka acheue, la sivyo mtampa jina la gesi! Na ukiita jina, subiri. Waya anabwaga matatu kwa pumzi moja, mtoto akinyamaza wazee wanagombana nani amepita. Kufikia saa kumi mimi mwenyewe nilikuwa nataja marehemu wangu kupitia mabati, ilimradi mmoja akubalike tulale.

Halafu kuna kumtoa mtoto nje: wa kiume siku ya 4, wa kike siku ya 3. Huyu ni wa kiume, na mama alipasuliwa, ameruhusiwa siku hiyohiyo ya nne. Sasa hesabu inaanzia kwenye kisu au kwenye mlango wa nyumba? Wazee wawili wamenuniana tangu Jumanne. Na mtoto anatolewa mlangoni alfajiri, sawa, lakini mila ilitungwa kwa boma lenye ua. Mlango wa hapa unatazama choo cha pamoja, na alfajiri kuna foleni. Mtoto ataonyeshwa dunia, dunia yenyewe imeshika karatasi ya chooni.

Cheti cha kuzaliwa nacho kinangoja, ikipita miezi 6 ni usajili wa kuchelewa, na fomu haina mahali pa kuandika "bado tunaota".

Afadhali huyu yuko peke yake. Wangekuwa mapacha, Opiyo na Odongo, zingeimbwa nyimbo za matusi mchana kweupe, watu wazima, na ni halali! Mimi nikimwambia msimamizi wa ploti neno moja tu juu ya maji naitwa mkosa adabu. Maji yenyewe yanakuja Alhamisi, mtungi wa lita 20 unajaa nusu, kisha mfereji unakohoa kama mzee, na yeye amesimama pale na daftari
anaandika umejaza miwili...