Kuuza hisa za kuazima: kibali cha dalali kina faida gani ukiwa Mtwara?

Anayeijua kangomba, ile biashara ya kuuza korosho kabla hazijavunwa, hahitaji somo refu hapa. Mkulima wa Tandahimba anabanwa na ada ya shule wakati mikorosho bado iko kwenye maua, anapokea fedha za magunia matatu ambayo hayajaanguka mtini. Msimu ukienda vizuri anapeleka korosho na deni linaisha. Ubwiriunga, ugonjwa wa ukungu wa mikorosho, ukiingia shambani, magunia yanadaiwa vilevile, na itabidi ayanunue kwa jirani kwa bei ya siku hiyo. Mwaka 2018 Serikali ilipotangaza kununua korosho kwa shilingi 3,300 kwa kilo, juu ya bei walizokuwa wanataka kutoa wanunuzi, aliyekuwa na korosho alifurahi. Aliyekuwa anadaiwa korosho alikuwa na hesabu nyingine.

Kuuza hisa za kuazima, au kushoti kama wasemavyo vijana wa forex, ni kujiweka upande wa huyo anayedaiwa, tena kwa hiari. Dalali anakuazima hisa za mteja mwingine, unaziuza leo, unangoja zishuke, unazinunua tena na kuzirudisha. Soko la Hisa la Dar es Salaam halina mlango huo kwa mtu wa kawaida: unauza hisa zinazosomeka kwenye akaunti yako ya CDS, yaani akaunti ya kutunzia hisa, basi. Kwa hiyo anayezungumzia kibali cha kushoti huku kwetu huwa anazungumzia hisa za Marekani na dalali wa nje.

Malalamiko yanayosikika sana ni kwamba dalali anakataa. Mtu ameweka dola 500, anabonyeza kuuza, anaambiwa akaunti yake haina ruhusa. Sababu si siri. Akaunti ya fedha taslimu haiwezi kuazima. Lazima uombe ibadilishwe iwe ya mkopo, ile ya marjini, na kanuni za Marekani zinataka uwe na mtaji wa angalau dola 2,000 ndani yake. Fomu itauliza kipato chako, akiba unayoweza kuigusa haraka, miaka ya uzoefu na lengo la uwekezaji. Hapo kwenye lengo ndipo wengi wanapojikwaa: ukichagua kulinda mtaji, umejinyima mwenyewe, maana hakuna dalali makini atakayempa mlinda mtaji ruhusa ya kushoti. Wengine hurekebisha majibu hadi mfumo ukubali. Hilo ni kosa baya kuliko kukataliwa, kwa sababu mkataba unaotia sahihi unasema majibu ni ya kweli, na siku ya deni utasomewa majibu hayohayo.

Je, dalali anaonea? Kwa sehemu, ndiyo: fomu haipimi kama unaijua kampuni. Mhasibu wa Masasi anayesoma hesabu za makampuni kila robo mwaka anaweza kunyimwa, na tajiri asiyejua mizania ni nini akapewa. Lakini dalali hapimi akili. Anapima nani atalipa. Ukinunua hisa kwa dola 40, hasara yako inaishia 40. Ukiiuza kwa kuazima, bei haina dari, na kinachozidi salio lako anakilipa dalali kwanza, kisha anakudai.

Tuweke tarakimu. Unashoti hisa 100 kwa dola 40. Zile dola 4,000 za mauzo zinabaki zimefungwa, na wewe unaongeza 2,000 zako, yaani nusu ya thamani. Jumla ni 6,000. Kanuni inataka baada ya hapo mtaji wako, yaani hiyo 6,000 ukitoa thamani ya hisa unazodaiwa, usipungue asilimia 30 ya thamani hiyo. Bei ikifika 46.15, umegusa mpaka: uongeze fedha au biashara ifungwe. Ni ongezeko la asilimia 15 tu, jambo ambalo taarifa moja nzuri ya faida inaweza kulileta kwa siku moja. Dalali akiweka asilimia 40, kama wengi wanavyofanya kwa hisa zenye vurugu, mpaka unashuka hadi 42.86. Bei ikifika 60, dola zako 2,000 zimekwisha. Juu ya hapo ni deni.

Kuna gharama za pembeni pia. Hisa ngumu kuazimika inaweza kutozwa, tuseme, asilimia 20 kwa mwaka: kwa dola 4,000 ni kama dola 67 kwa mwezi, hata bei ikisimama palepale. Kampuni ikitoa gawio, unalilipa wewe. Na mwenye hisa akizitaka, dalali anaweza kukulazimisha kuzirudisha siku usiyoipenda.

Kwa mtu wa Lindi au Mtwara, umbali unaongeza uzito. Soko la New York linafunguliwa saa kumi na nusu jioni kwa saa zetu, au saa kumi na moja na nusu wakati wa baridi ya kwao, na kufungwa saa tano au saa sita usiku. Taarifa ya kuongeza dhamana inaweza kukukuta umelala. Benki zimefungwa, na uhamisho wa dola kwenda nje unaweza kuchukua siku kadhaa. Dalali hana wajibu wa kukungoja. Mkataba unamruhusu kufunga biashara bila hata kukupigia simu. Hapa ndipo naona hoja ya wanaokataa ina nguvu kuliko ya wanaolalamika. Kibali bila fedha ya akiba iliyokwisha kukaa ndani ya akaunti ni kangomba ya kidijitali.

Lakini wanaosema kushoti ni uchawi wa kuangusha makampuni nao wamekosea. Februari 2019 Ujerumani ilizuia kwa miezi miwili watu kushoti hisa za Wirecard, kampuni ya huko ya malipo ya kielektroniki, ikidai kulinda soko. Juni 2020 kampuni ikakiri kwamba euro bilioni 1.9 zilizoandikwa vitabuni huenda hazikuwapo kabisa, ikafilisika. Waliozuiwa ndio waliokuwa wameona. Upande wa pili upo pia: Januari 2021 walioshoti GameStop, kampuni ya Marekani ya maduka ya michezo ya video, waliona bei ikipanda hadi dola 483 ndani ya siku moja, na waliokuwa na sababu nzuri kabisa kuhusu biashara ya maduka hayo waliungua vilevile.

Kwa Muislamu wa Kilwa au Mikindani, swali huja mapema zaidi: Mtume amekataza kuuza usichonacho, na wanazuoni wengi wanaiweka biashara hii humo. Riba ya kuazima inazidisha ugumu.

Wapo wanaokimbilia programu za simu zenye kitufe cha kuuza kisichoomba kibali chochote. Hizo kwa kawaida hazikuazimi hisa. Unaweka mkataba wa tofauti ya bei na dalali mwenyewe: mnalipana kadiri bei inavyosogea, bila hisa yoyote kuuzwa. Ulaya na Uingereza kanuni zinazuia salio la mteja mdogo lisiende chini ya sifuri, ulinzi ambao aliyeshoti hisa halisi hana. Tawi la dalali huyohuyo lililosajiliwa kwenye kisiwa cha mbali chenye kanuni legevu linaweza lisikupe ulinzi huo, kwa hiyo soma jina la kampuni iliyo kwenye mkataba wako, siyo nembo.

Ukishapata kibali na bado unataka kujaribu, anza na hisa tano au kumi za kampuni kubwa inayoazimika kwa urahisi, na weka oda ya kununua juu ya bei ili kukata hasara. Ila oda hiyo hufanya kazi soko likiwa wazi. Hisa iliyofunga kwa 40, oda yako iko 44, kampuni ikatangaza habari njema usiku na soko likafunguka kwa 55: utanunua kwa 55.