Jumanne za Manchester na benchi la Mombasa

Hapa Manchester tumepakana ukuta na jirani yangu miaka sita, na jina la mkewe silijui. Kwetu Majengo, kakangu alipoanza kuzungumza usiku kucha na kugawa viatu vyake, mtaa mzima ulijua kabla ya adhuhuri. Kwa hivyo asinisome mtu akadhani nasifu Uzunguni. Kwa watu, Mombasa ni tajiri. Kilichotupungukia nimekuja kukijua miaka ishirini baadaye, binti yangu alipopatikana na bipola ile ile, ugonjwa wa akili unaompandisha mtu kwa furaha ya kupita kiasi kisha ukamshusha kwa huzuni. (Ugonjwa huu huandama ukoo, hilo nalo hatukuambiwa.)

Binti alipotoka hospitali, niliitwa darasani. Mimi, si yeye. Jumanne kumi na mbili, jioni, viti vimepangwa duara: muuguzi, mwanasaikolojia, na sisi jamaa wa wagonjwa. Kulikuwa na mzee wa Kipolandi anayemuuguza mkewe, kijana wa Kipunjabi na habari za babake, na akina mama watatu. Nilidhani tutahimizwa subira. Tukapewa kalamu, tuandike dalili za mtu wetu, zake yeye peke yake, siku zile kabla hajazidiwa.

Nikaandika za binti, kisha mkono ukaenda wenyewe kwenye za kakangu. Usingizi wake wa muda wa saa tatu tu na asubuhi mkunjufu. Maneno mbio. Tuktuk ya mkopo, kisha ya pili. Sisi twasema kijana kaamka na baraka! Mamangu akimsifu mbele ya wageni. Kumbe usingizi ukishapungua vile, siku ya kwenda kwa daktari ndiyo hiyo. Sisi tulimpeleka wiki tatu baadaye, kafungwa kamba.

Somo la lithiamu, dawa ya kutuliza bipola, ndilo lililoniliza. Dawa hiyo ikizidi katika damu hugeuka sumu, na huzidi mwili ukikaukiwa maji, chumvi ikipunguzwa ghafla, au mtu akimeza vidonge vya maumivu kama ibuprofeni. Ndiyo maana damu hupimwa mara kwa mara. Hata kufunga Ramadhani ni jambo la kuzungumza na daktari mapema. Sasa fikiria kaskazi ya Januari, mtu anabeba magunia Marikiti, jasho lamtiririka. Kakangu, naye akiinywa dawa hiyo, mikono ilimtetemeka, akaharisha, akawa apepesuka. Tukasema jicho. Mjomba akaleta kombe, maji yaliyooshewa aya za Kurani. Sina ugomvi na kombe, nami nimelinywa. Ila hakuna aliyetwambia tukampime damu. Waliompa vidonge walitupa bahasha imeandikwa 1x2, basi.

Na mapenzi yetu nayo yana kasoro. Nyumba ya watu tisa, mmoja amkemea, wa pili amfuata hadi chooni. Darasani tulielezwa kwamba kukosoa kila saa na kumlinda mtu kama yai, vyote viwili huweza kuurudisha ugonjwa. Watafiti wa Barcelona walijaribu: jamaa walisomeshwa kwa vikao 12 vya dakika 90, wagonjwa wenyewe hawamo, na matokeo yaliyotolewa 2008 yakaonyesha kuwa wagonjwa hao walikaa muda mrefu zaidi bila kurudiwa, hasa na ule wazimu wa furaha. Wagonjwa waliendelea na dawa zao za kawaida. Waliofundishwa ni sisi.

Nikisema haya, wenzangu wa nyumbani hujibu: serikali haina pesa. Pesa gani? Siku ya kliniki jamaa wanakaa benchi tangu saa moja asubuhi wakingoja faili. Hao ndio darasa, wamekwisha kusanyika. Muuguzi mmoja awape saa moja, kwa Kiswahili, kila wiki somo lake. Wakitoka hapo watapanda matatu moja, wataulizana hali, mwezi ukiisha wana chama. Kufanya watu wawe ndugu hatuhitaji kufundishwa. Manchester ndiko kuliko na kazi hiyo: darasa likiisha kila mtu koti lake na mlango wake. Yule mzee wa Kipolandi aliniambia tangu Jumanne iliyopita hakuwa amezungumza na mtu ila mkewe. Wiki ya kumi na mbili tukapewa karatasi ya kutushukuru, na sijamwona tena.

Tangu hapo kila Jumanne nampigia mamangu namsomesha nilichosoma. Kakangu yupo, hajambo, anakunywa dawa zake, na mama ana daftari la usingizi wake. Juzi ameniambia nisipige tena alasiri, nipige baada ya isha. Kuna mwanamke wa nyumba ya nyuma ana mwanawe, na mwengine wa Kisauni, wanataka kuja kusikiliza, simu iwekwe spika.