Ina Fowili, Ila kwa Sasa Inatumia Mawili

Shikamoo imeniharibia suruali, na sitanii. Asubuhi hii nimesimama pale kona ya kuteremkia bondeni, viatu mkononi, mfuko wa rambo kila mguu, nimekunja suruali na kuishikilia kama bibi harusi anayevuka ua na gauni lake. Akatokea yule kijana wa geti jeusi na Suzuki Jimny yake. Akapunguza mwendo, akashusha kioo, akainamisha kichwa kwa heshima zote: "Shikamoo mzee." Sasa mtu akikuamkia utafanyaje? Umelelewa, unaitikia. Nikaachia suruali ili niitikie kwa mkono, marahaba haijaisha mdomoni akakanyaga mafuta, tope lote la huku kwetu Goba, pembeni mwa Dar, likahamia kwangu. Kwa adabu kabisa. Hata kumtukana unashindwa, umeshamwitikia.

Gari ninalo, msidhani. Ni bebi woka, kile kigari kidogo cha tumbo chini, na tangu masika yaanze inalala kule kwenye lami, nje ya kibanda cha mama muuza mihogo, kwa malipo. Kwa hiyo mimi ni mwenye gari ninayetembea kwa miguu kulifuata gari, nikifika nanawa miguu kwa maji ya chupa, navaa viatu, nakaa nyuma ya usukani, na hapo ndipo naanza kuwa meneja msaidizi.

Wa kwenye lami hamtanielewa na sina nguvu ya kuwaelewesha. Wa Madale, Msumi, Kwembe, Kinzudi, sisi tunajuana. Greda tunaliona mwaka wa kura. Vijana wa kusukuma magari wapo pale bondeni mchana, na usiku wanarudi na majembe kulihudumia shimo, kazi isije ikaisha.

Sasa mimi sitaki V8. V8 ni ya mtu mwenye dereva, na dereva mwenye bahasha ya mafuta. Mimi nataka kile kigari kidogo tu, kifupi, kilichonyanyuka, chenye fowili, yaani kuvuta matairi yote manne, na kunywa mafuta kwa aibu. Nimevisoma vigari hivi mpaka Mama Neema akaanza kuniuliza kwa nini simu inawaka saa saba za usiku. Wajapani wana sheria yao: gari likiwa halizidi urefu wa mita 3.4, upana wa mita 1.48 na injini ya cc 660, linahesabika dogo na kodi yake ni ndogo. Ndipo wakatengeneza hivi vya kwao vya milimani na kwenye theluji. Jimny imekuwepo tangu 1970, na ya kwanza ilikuwa na injini isiyofika hata cc 360! Chini ina chasisi ya ngazi, ileile habari ya malori, siyo bati lililokunjwa. Na mwaka 2007 huko Chile, ndugu yake mmoja, Samurai iliyofanyiwa marekebisho, alipandishwa mlima Ojos del Salado mpaka mita 6,688. Kilele chetu cha Kibo ni mita 5,895. Kwa hiyo yapo magari madogo yaliyoparamia juu kuliko Kilimanjaro, na mimi hapa nashindwa kufika kwa mama muuza mihogo bila mifuko ya rambo.

Na ule upana wa mita moja na nusu msiuchukulie poa. Barabara yetu upande mmoja ni mtaro, upande wa pili ni ukuta wa mstaafu aliyeusogeza kila alipopata kiinua mgongo. Prado ikipita pale inapita na kioo kimekunjwa na dereva anasali.

Tatizo la Jimny, vijana wameijua. Zamani ilikuwa gari la mmisionari na bwana shamba, leo kila mwenye ndevu za kuchonga anaitaka apige nayo picha Bagamoyo, bei imepanda na hairudi. Nikahamia kwenye Escudo, mwenye nayo akasema hauzi, anauliza tu soko likoje. Nikaenda kwenye Cami, nikakuta imeoza sakafu, unaona barabara bila kuchungulia dirishani. RAV4 kilitaimu zipo, ila fundi wangu akizitaja anatabasamu, na mimi tabasamu la fundi huwa naliogopa.

Ndipo dalali akanipigia. "Bosi, nimekupatia Pajero Mini. Namba C, ya mama mmoja mwalimu, anaendea kanisani tu. Turbo. Injini haijawahi kufunguliwa. AC baridi ya Makambako. Fowili yake ukiibonyeza unapanda ukuta."

Pajero Mini naifahamu. Injini cc 659, yaani pikipiki nne za bodaboda na chenji inabaki. Lakini ina gia ya chini ya kuvutia, na kwenye tope ni mtoto mtukutu. Nikaomba ruhusa kazini, nikamchukua fundi, tukaenda.

Gari lilikuwa zuri, Mungu asinihukumu. Jekundu, limepakwa mafuta ya nazi kwenye bampa, ndani kunanuka manukato ya kichwa kuuma. Dalali ananifungulia mlango mwenyewe. Nikazunguka mara moja na mikono nyuma, nikapiga tairi teke la kitaalamu. Nikasema vizuri, sasa twende Goba.

"Goba kufanya nini, bosi?"

"Kuijaribu fowili."

Akanyamaza kidogo. "Bosi, kwa nini tuichafue? Hii gari ikijaribiwa sana inapoteza thamani."

Tukaenda. Njiani haachi kusimulia. Kufika bondeni, mvua ilikuwa imetoka kunyesha, ule udongo mwekundu unang'aa kwa dharau. Nikasogeza ile gia ndogo. Kwenye dashibodi ikawaka taa ya kijani. Dalali akapiga kofi: "Umeona? Fowili hiyo!" Nikakanyaga mafuta. Gari likapanda hatua tatu, likatikisa kiuno, likarudi kinyumenyume kwenye mtaro, taratibu, na taa yake ya kijani ikiwa imewaka.

Nikashuka. Nikamwambia dalali akae yeye akanyage, mimi niangalie. Ya nyuma yanazunguka, yanarusha tope hadi kwenye ukuta wa mstaafu. Ya mbele yametulia, yanatazama mandhari. Nikamwita fundi. Fundi akaingia chini na tochi ya simu, akakaa huko muda mrefu kuliko nilivyopenda, akatoa kichwa.

"Mzee, propela ya mbele haipo, ile ya kupeleka nguvu kwenye matairi ya mbele."

"Imekatika?"

"Hapana. Haipo. Imefungwa kitambaa mahali pake."

Nikamgeukia dalali. Na huyu mtu, ndugu zangu, hakupepesa jicho.

"Imepumzishwa, bosi."

"Imepumzishwa?"

"Ile propela inaongeza kula mafuta. Mwenye gari akaona aitoe. Lakini gari ni fowili ya asili, hata kwenye kadi ukiangalia. Ila kwa sasa inatumia mawili."

"Iko wapi propela?"

"Ipo nyumbani, imetunzwa."

Nikasema mpigie huyo mwalimu. Akasogea pembeni, akaongea kwa sauti ya chini, akarudi. Kumbe mwalimu ni mwanamume. Kumbe siyo mwalimu. Na propela iliuzwa Gerezani, kule kwenye maduka ya spea, zamani, "ila aliyeinunua anajulikana."

Nikajaribu utu uzima. Nikasema basi, kwa kuwa nanunua nusu ya fowili, nipe kwa nusu ya bei. Dalali akaumia kweli, akashika kifua. "Bosi, kwani wewe mwenyewe unatembea na miguu mingapi? Mbona unafika?"

Hapo nilikuwa natembea na miguu miwili iliyoko kwenye mtaro.

Wale vijana wa kusukuma walikuwa wameshajipanga muda mrefu, wamevua mashati. Wakataja bei yao kwa kila kichwa. Dalali akanitazama. Nikamtazama. "Bosi," akasema kwa huruma, "wewe ndiye uliyetaka kujaribu." Na nikalipa! Nikalipa kuliondoa gari lisilo langu kwenye shimo la mtaani kwangu, na wakati wanasukuma niliona kwa macho yangu dalali akimpa fundi wangu ya soda. Fundi wangu! Niliyemleta mimi, kwa nauli yangu!

Msiniambie niagize Japani. Hesabu hiyo nimeipiga. Unalipa gari, unalipa meli, kisha ushuru wa forodha, ushuru wa bidhaa, VAT asilimia 18 juu ya hivyo vyote, na gari likiwa zee kuna ushuru mwingine wa uchakavu. Mimi nimechakaa zaidi ya gari lolote pale bandarini, na kodi nalipa mimi. Jirani zetu Kenya wamekata mzizi, gari lililopita miaka 8 haliingii kabisa. Sisi linaingia, ila unalia.

Na sababu nyingine ya kuvitaka vigari hivi sijamwambia mtu, hata Mama Neema. Mtaa wetu una kikao cha kifusi. Kila nyumba inachangia, lori linakuja, linamwaga, mvua inanyesha, kifusi kinaenda Bahari ya Hindi, tunaitana tena. Yule kijana wa Jimny aliitwa kikaoni mara moja tu. Akasimama, akatoa shikamoo kwa wote, akasema: "Wazee wangu, mimi napita." Akakaa. Akaondoka. Hajachangia mpaka leo, na hakuna wa kumgusa, maana kweli anapita. Huo ndio mtu anaununua akinunua fowili: ruhusa ya kutohudhuria kikao. Kesho nami nikipata propela zangu mbili, kifusi mtakitafuta wenyewe, namwambia kabisa mwenyekiti.

Maana vikao vyenyewe mnavijua. Cha wiki iliyopita kiliitwa saa nane, kikaanza saa kumi, dua ikachukua robo saa, mahudhurio nusu saa. Tulipofika kwenye kifusi, mstaafu akanyoosha mkono, tukadhani anaongelea ukuta wake, kumbe anashitaki mbuzi. Mbuzi wa mama wa nyumba ya pili wamemlia miche ya mipapai. Mama akasema mbuzi wake hawapandi ukuta. Mstaafu akasema hawakupanda, walipita dirishani. Ikaundwa kamati. Katibu wa kamati ni mimi. Kesho jioni natakiwa kwenda kukagua dirisha, na nimeagizwa nije na futi kamba yangu mwenyewe.