Kadi ya Mteja wa Kudumu: Mtwara Inalipa, au Inakula Faida?

Ushauri wa kuwatuza wateja wa kudumu umezoeleka kwenye semina za ujasiriamali: chapisha kadi ndogo, gonga muhuri kila mteja anaponunua, akifikisha kumi mpe kimoja bure. Mwenye mgahawa wa Chikongola au saluni ya Magomeni, Mtwara mjini, anaondoka na wazo hilo akiwa na hamu ya kulijaribu. Hesabu yake ndiyo ambayo mara nyingi haipigwi.

Tuipige. Mama lishe anauza sahani ya wali samaki kwa shilingi 3,000. Tuseme akishatoa mchele, samaki, mafuta, mkaa na posho ya msaidizi, anabaki na 500. Sahani kumi zinampa faida ya 5,000. Ile ya kumi na moja, ya bure, inamtoka 2,500. Yeye anaona ametoa punguzo dogo, kama asilimia tisa ya bei, kumbe ametoa nusu ya faida. Ili asipoteze, sahani tano kati ya zile kumi ziwe ni zile ambazo mteja asingekula kwake kama si kadi. Na kama hata ile ya bure mteja angeinunua kwa fedha yake, basi ziwe sita.

Sasa jiulize ni nani anayejaza kadi haraka. Ni fundi wa karakana ya jirani, anayekula hapo kila mchana tangu mwaka juzi na ambaye angeendelea kuja kadi iwepo isiwepo. Mwaka 2007 mtafiti Yuping Liu alichapisha uchunguzi wa mpango wa zawadi wa maduka ya bidhaa za kila siku. Aliona kwamba wanunuzi wakubwa wa tangu mwanzo ndio waliochukua zawadi zaidi, ila manunuzi yao hayakupanda. Waliopanda ni wa kiwango cha chini na cha kati. Kwa mama lishe wetu hiyo ina maana kwamba zawadi nyingi zinakwenda kwa watu ambao tayari ni wake.

Wanaoitetea kadi nao wana ushahidi mzito. Mwaka 2006 Joseph Nunes na Xavier Drèze walieleza jaribio lililofanyika kwenye sehemu ya kuosha magari. Wateja 300 waligawiwa kadi. Nusu walipewa kadi ya mihuri minane, nusu nyingine kadi ya mihuri kumi ambayo miwili ilikuwa imeshagongwa. Wote walibakiwa na safari nane zilezile. Kundi la kwanza waliomaliza ni asilimia 19, la pili asilimia 34. Zawadi haikubadilika hata kidogo. Mtu aliyeonyeshwa kwamba ameshaanza ndiye aliyejitahidi kumaliza. Kwa hiyo siwezi kukubaliana na wanaosema kadi haisogezi mtu. Inasogeza. Suala ni kama mwenye biashara anabaki na kitu baada ya mteja kusogea.

Jibu linategemea kile unachotoa bure. American Airlines walipoanzisha mpango wao wa maili mwaka 1981, walikuwa na viti ambavyo ndege ingeruka navyo vitupu, na kumweka abiria kwenye kiti cha aina hiyo hakuongezi gharama kubwa. Kampuni ya simu inayotoa dakika za bure iko kwenye hali hiyohiyo, kwa sababu minara imeshasimama. Ukitafuta biashara ya Mtwara inayofanana na hizo, utaikuta kwa kinyozi. Saa nne asubuhi siku ya Jumanne kiti chake kiko wazi, na kumnyoa mtu bure kunamgharimu umeme kidogo na wembe. Msusi, muosha pikipiki na mwenye banda la kuonyesha mpira wana nafasi hiyo pia, mradi zawadi itumike siku ambazo hazina watu. Mwenye duka la unga, sukari na mafuta ya kula hana. Kila kilo aliilipia kwa muuzaji wa jumla, na faida yake ni ndogo mno kubeba zawadi. Kwake kadi ya mihuri naiona ni hasara, na ningemwambia hivyo bila kumzungusha.

Lakini Mtwara na Lindi kuna jambo ambalo vitabu vya biashara haviligusi vya kutosha, nalo ni msimu. Fedha ya Kusini inakuja kwa mafungu. Korosho huanza kuvunwa karibu na Oktoba, minada inafuata, na malipo hupita kwenye AMCOS, yaani chama cha msingi cha ushirika wa wakulima, hadi akaunti ya mkulima. Ufuta huleta fedha katikati ya mwaka. Kati ya hapo, hasa miezi ya mvua baada ya korosho kuisha, mtu wa Tandahimba au Nachingwea ananunua kidogokidogo, na mara nyingi kwa mkopo. Kadi inayoisha muda ndani ya miezi mitatu haimfai mteja wa namna hiyo. Ataianza Machi na itakufa kabla hajashika fedha.

Kinachomrudisha mteja kwenye duka la kijijini ni daftari la madeni. Mwenye duka aliyekubali kumwandikia mtu unga mwezi wa tatu amejenga uhusiano ambao hakuna muhuri unaoufikia. Nalisema hili kwa heshima, kwa sababu familia nyingi zimevuka miezi migumu kwa daftari hilo. Ila lina hatari mbili. Ya kwanza ni deni kugeuka kangomba, mkulima akalilipa kwa korosho zilizopimwa kwa bei ya kutupa kabla hata mnada haujafunguliwa. Serikali imeipiga marufuku, na ni haki, maana huo si uaminifu wa mteja tena, ni kumfunga kamba. Ya pili inamwumiza mwenye duka mwenyewe. Korosho zikilipwa, mdaiwa anaona aibu au uchungu kupita mlango wa anayemdai, na fedha taslimu anakwenda kuitumia duka la pili. Aliyemlisha wakati wa shida anaambulia ahadi.

Na msimu wenyewe unaweza kuyumba. Novemba 2018 serikali ilikataa bei za wanunuzi, ikatangaza kununua korosho kwa shilingi 3,300 kwa kilo na jeshi likapewa kazi ya kuzisomba. Wapo wakulima waliosubiri malipo kwa miezi, na madaftari ya madukani yalisubiri pamoja nao.

Ndiyo maana naona zawadi ingewekwa kwenye kulipa, wala si kwenye kununua. Mteja atakayefuta deni lake lote ndani ya wiki mbili baada ya AMCOS yake kulipwa apewe kilo ya sukari au kipande cha khanga, na akirudi kununua kwa fedha taslimu msimu huohuo aongezewe kitu kidogo. Gharama hiyo ni ndogo ukilinganisha na deni lililolala mwaka mzima. Mwenye duka anaweza kudai kwamba ni kumzawadia mtu kwa kutimiza wajibu wake. Ni kweli, lakini anayelipa mapema leo hapati chochote kumzidi anayekimbia.

Kwa wale ambao kadi inawafaa, wasianze kwa kuigawa kwa kila mtu. Kinyozi ampe anayekuja mara moja kwa mwezi, na mihuri miwili ya mwanzo aigonge palepale. Karatasi inatosha. Akitaka kukusanya namba za simu za wateja ili awatumie ujumbe, ajue kwamba Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inamhusu hata yeye. Baada ya miezi miwili alinganishe wenye kadi na wateja wa aina hiyohiyo ambao hakuwapa. Kama wote wanakuja sawa, aache, na fedha ya zawadi anunulie feni, maana joto la Mtwara mwezi Desemba linamfukuza mteja kuliko bei.