Siziji ya mwezi si siziji ya sayari

Neno siziji asili yake ni Kiyunani, kufungwa nira pamoja, na kila fani imelivutia kwake. Watu wa falaki wanasema ni pale jua, dunia na mwezi vinapokaa mstari mmoja, yaani mwezi mpya na mwezi mpevu. Kwa watu wa baiolojia ni vimelea vya gregarini, vinaishi matumboni mwa wadudu na kaa, viwili vinashikana kimoja nyuma ya mwenzake kabla ya kuzaana. Jung, mwanasaikolojia wa Uswisi, akalipeleka kwenye saikolojia huko, kwa jozi ya upande wa kike na wa kiume ndani ya mtu. Wa hesabu ndio kabisa: chukua x uizidishe kwa y, toa y mara x, unapata sifuri, basi uhusiano wa namna hiyo ndio siziji, na 1890 mwanahisabati Hilbert akathibitisha kwamba ukitafuta uhusiano wa uhusiano huendelei milele, vigeu (herufi kama x na y) vikiwa vitatu hatua hazizidi tatu.

Kuna wanaoona huu ni mchafukoge, kila fani ijitafutie neno lake. Wana hoja, mwanafunzi akilitafuta kwenye intaneti analetewa vimelea na mwezi ukurasa mmoja. Lakini mimi sijaona anayeumia hapo, maana nani atachanganya gregarini na Hilbert? Maana zikiwa mbali hivyo zinajitenga zenyewe.

Shida ni zile zinazokaribiana. Huku Lamu siku moja mbili baada ya mwezi mpya au mpevu ni bamvua, yaani maji kujaa na kupwa kupita kawaida, yanajaa mnamo saa kumi, na saa nne asubuhi yashatoka, mashua zimelala ubavu kwenye matope, wa pweza wako miambani, na wa kwenda Siyu, kisiwani Pate, anangoja maji. Hiyo ndiyo kazi ya siziji ya mwezi, jua likiongeza nguvu yake ya kuinua maji, ambayo haifiki hata nusu ya ile ya mwezi. Sasa neno hilohilo wengine wanalitumia kwa sayari zikijipanga, na mwanzo wa 2025 ziliposemwa zimejipanga zikaanza voisi za WhatsApp eti bahari itapanda. Wapi! Nguvu ya sayari ya Zuhura ya kuinua maji, hata ikiwa karibu kabisa, haifiki sehemu moja ya elfu kumi ya ile ya mwezi.

Wanaotetea matumizi mapana watakwambia mstari ni mstari, na kanuni ya mvutano ni ileile kwa mwezi na kwa sayari. Kweli, ila hata kwa mwezi wenyewe huo mstari si wa rula, njia yake imeinama kama digrii 5 ndio maana hatupati kupatwa kila mwezi, na bado bamvua inakuja tu. Kwahiyo kwenye mambo ya bahari ningelibakisha neno kwa mwezi peke yake, na anayelitaka kwa sayari ataje kabisa ni sayari zipi, kabla hajamtisha mtu mwenye mashua.