Mabati 32 na kisanduku cha bluu

Wandugu wa Bukavu tulio Marekani, kila Septemba mvua ikianza simu zinalia: paa linavuja, ukuta umepasuka, tumeni kitu. Tunatuma dola 200 leo, 150 mwezi ujao, na mwaka unaofuata nyumba ileile inavuja palepale. Naamini pesa hizo zingetosha kama zingetoka kwa mkopo wenye utaratibu.

Huku wizara ya kilimo inakopesha wenye nyumba maskini wa vijijini na miji midogo hadi dola 40,000 za matengenezo, kwa riba ya asilimia 1 kwa mwaka, kulipa miaka 20. Dola 10,000 zinarudi kwa dola 46 hivi kila mwezi. Aliyefika miaka 62 na hana uwezo wa kulipa anaweza kupewa msaada wa hadi dola 10,000, ila akiuza nyumba kabla ya miaka 3 anaurudisha. Wengi wetu tunaitamani hiyo asilimia 1, lakini inabebwa na Serikali, na kwetu hakuna wa kuibeba. Mimi ningechukua kitu kingine kinachofanyika katika miji mingi ya huku: mkaguzi anatangulia na kuandika kazi moja moja, fundi analipwa kwa awamu, na fungu la mwisho linazuiwa mpaka kazi ikaguliwe.

Dhamana nayo ni tofauti. Kwa sheria ya 1973 ardhi ya Kongo ni ya Serikali, na haki yako juu ya parseli, yaani kiwanja, inathibitishwa na cheti cha usajili. Katika mtaa wa Kadutu, Bukavu, wengi wana fishi ya parseli tu, karatasi isiyo cheti, na benki haipokei fishi kuwa rehani. Anayeweza kumdhamini mama wa Kadutu ni MUSO yake, kikundi cha kuweka akiba na kukopeshana, wanaomjua na kukutana naye kila wiki. Visanduku vyake mnavijua: cha kijani ni cha mikopo, chekundu ni cha ugonjwa na msiba, cha bluu ni cha pesa za kutoka nje. Zetu ziingie kwenye cha bluu, aliyekopa azirudishe humo, zimfikie mwenzake.

Riba ihesabiwe kwa deni lililobaki. Mtu akikopa dola 1,000 kwa miezi 10, riba asilimia 3 kwa mwezi juu ya mkopo mzima, analipa riba ya dola 300. Akirudisha dola 100 kila mwezi na riba ikafuata salio, analipa 165. Tofauti hiyo ya dola 135 inanunua mifereji ya paa.

Na mifereji ndiyo ningeipa kipaumbele, hata kabla ya rangi na sakafu. Chukua nyumba ya mita 6 kwa 8, paa likizidi kuta kwa nusu mita kila upande. Mvua moja ya milimita 40 inamwaga juu yake lita 2,500. Kwenye mteremko wa Bukavu maji hayo yasipokamatwa yanachimba chini ya msingi wako, kisha yanashukia ukuta wa jirani. Paa hilo linataka mabati 32 hivi ya mita 3, ukihesabu yanavyolaliana. Bati la geji 32 (geji ni kipimo cha unene) ni rahisi lakini ni jembamba kuliko la geji 28, fundi akilikanyaga linabonyea na maji yanatuama. Msumari upigwe juu ya mgongo wa bati, pamoja na mpira wake. Ukipigwa bondeni, maji yote yanapita juu ya tundu. Mkaguzi wa MUSO apande ngazi aangalie hilo kabla ya kulipa awamu ya pili.

Nyumba ya mbao inaozea miguuni, nguzo inapogusa udongo. Kupaka mafuta machafu ya gari kunachelewesha tu. Dawa ni kuinyanyua juu ya msingi wa mawe, sentimita 40 kutoka ardhini. Ukuta wa kuzuia udongo nao uachiwe matundu ya mabomba na kokoto nyuma yake. Usipopumua, maji yanaujaa mgongoni hadi unasukumwa chini, mara nyingi Aprili.

Kuna mahali mkopo usitolewe kabisa, na ni vigumu kulisema mbele ya ndugu. Huko Funu, mtaa wa Bukavu, mlima wenyewe unatembea polepole. Ukiziba ufa leo unafunguka tena, na familia inabaki na deni juu ya ukuta uliopasuka. Hao wasaidiwe kuhama, kwa msaada usiorudishwa.

Kiangazi cha Bukavu ni kifupi, Juni hadi Agosti. Benki zilipofunga milango Februari 2025, pesa zikahamia kwenye simu, na kila kutuma na kutoa kuna makato. Tuchange huku Marekani mwaka mzima, tutume mara moja Mei, ili mabati yawe yamepanda kabla ya mvua ya Septemba.